Vifungo Mia na Viti Kumi

"Usinipigie kelele dukani kwangu!" Mama Pacha alifoka. "Wewe shika upande huu. Na wewe kaka, shika ule. Jora la kitambaa halina chama. Haya, inueni!"

Wanaume wawili waliinama. Walinyanyua jora zito la kitambaa cha bluu, wakalibwaga juu ya meza ya kukatia. Maji yalichuruzika hadi sakafuni. Kisha wakaendelea kugombana pale pale walipoachia.

"Sipigi kelele," alisema Baba Pacha, akijipangusa mikono kwenye suruali. "Ninasema ukweli. Shemeji anataka viti vya bure."

"Vya bure?" Kaka yake Mama Pacha alicheka kicheko kikavu. "Shemeji, watu elfu nane na mia mbili walitupigia kura. Tuna madiwani wangapi barazani? Hakuna! Hata wa kupiga chafya kwa niaba yetu hatuna."

"Mlishindwa. Anayeshindwa anakaa nje."

"Na nje huku ndiko mkeo anakochota maji kwa sufuria! Angalia! Angalia miguu yako!"

Baba Pacha aliangalia. Maji machafu yalikuwa yamefika juu kidogo ya nyayo. Alichukua fagio.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Kila mvua ikinyesha, maji yote ya mlimani hushuka na barabara. Bondeni hakuna mfereji wa kuyapokea. Kwa hiyo huingia kwanza kwenye duka la viatu, kisha kwa kinyozi, kisha kwa Mama Pacha. Safari hii yalikuta mashati themanini ya shule yamepangwa kwenye boksi chini ya meza. Mashati hayo yalitakiwa Jumatatu. Mama Pacha alipofungua mlango na kuyaona yanaelea, hakulia. Alichukua simu, akampigia mume wake, kisha kaka yake. Wote wawili aliwaambia maneno yale yale: "Njoo na viatu vya mvua. Sasa hivi."

Alijua akiwaita pamoja watagombana. Ilikuwa hivyo kila siku. Mume wake ni seremala, tena ni mwenyekiti wa Chama cha Taa mjini pale. Kaka yake ni mwashi, na ni mwenyekiti wa Chama cha Ndoo. Siku ya harusi yake waligombana juu ya uchaguzi mpaka chakula kikapoa. Miaka kumi na tisa sasa, na pacha wake wamemaliza shule, lakini chakula bado kinapoa.

Mji wenyewe umejengwa kwenye mteremko. Watu wa Taa wengi wanaishi juu. Watu wa Ndoo wengi wanaishi bondeni. Kuna kata kumi, na kila kata imekatwa kama utepe mrefu, kutoka kileleni hadi chini. Katika kila utepe, watu wa juu wamewazidi kidogo watu wa chini. Basi kila uchaguzi, Taa hushinda kata ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi. Mama Pacha, ambaye kazi yake ni kukata vitambaa, aliwahi kuitazama ramani ile ukutani katika ofisi ya baraza. Alisema jambo moja tu: "Aliyekata hapa alijua anashona nguo ya nani."

Mwaka huu serikali ilikuwa imeruhusu kila mji uchague njia yake ya kupata madiwani. Mji ungeweza kubaki na njia ya zamani. Au ungeweza kuchukua njia mpya, inayoitwa uwakilishi wa uwiano. Kwa njia hiyo, chama hupata viti kulingana na kura kilizopata katika mji mzima. Sharti lilikuwa moja. Vyama vikubwa vyote viwili vitie saini fomu ya makubaliano. Kikikataa kimoja, mambo yanabaki yalivyo kwa miaka mitano mingine. Na siku ya mwisho ya kurudisha fomu ilikuwa leo, saa tisa alasiri.

"Sema ukweli, Baba Pacha," alisema kaka. "Nyinyi Taa mnaogopa. Mmekalia viti vyote kumi, hamtaki hata kusogea kidogo mtu apate pa kukaa."

"Tunaogopa nini? Tunalinda utaratibu. Nyinyi ndio mnalilia uwiano kwa sababu hamjui kushinda."

"Sisi tunataka haki!"

Mama Pacha aliacha kukamua shati. Kisha akaenda kwenye meza ya pasi, akarudi na karatasi mbili zilizokunjamana kwa maji.

"Kaka," alisema, "hebu nisomee hii."

Kaka yake alipoona karatasi, uso ulimbadilika.

Siku mbili zilizopita, Baba Pacha alimwachia mke wake bahasha yenye barua ya jibu la chama chake. Duka la mkewe linatazamana na ofisi ya uchaguzi, hatua ishirini tu. "Nipelekee," alimwambia, "mimi natoka nyumbani kabla hawajafungua." Jioni ile ile kaka yake akapita na bahasha yake, na ombi lile lile. Mama Pacha alizitia zote mbili kwenye droo ya chini, akapanga kuzipeleka pamoja leo. Droo hiyo ndiyo iliyoloa. Alizitoa barua ili azikaushe, akaziweka ubavu kwa ubavu kwenye meza ya pasi. Macho hayana pazia. Alizisoma.

"Husomi?" aliuliza. "Basi nitasoma mimi. 'Chama cha Ndoo hakikubali uwakilishi wa uwiano. Tunaamini uchaguzi ujao tutashinda kata zote kumi. Hatuoni sababu ya kugawana.'"

Maji tu ndiyo yaliyosikika yakidondoka kutoka kwenye jora.

"Ahaa!" Baba Pacha aliruka, fagio mkononi. "Shemeji! Kumbe! Haki, haki, kumbe na wewe unataka kumeza zima zima!"

"Usishangilie," mke wake alimkata. "Na yako hii hapa. 'Chama cha Taa hakikubali uwakilishi wa uwiano. Tumeshinda kata zote kumi. Hatuoni sababu ya kugawana.' Mmeandika barua moja. Mmoja anacho hataki kutoa. Mwingine hana, lakini anatumaini atapata, naye hataki kutoa. Mimi je?"

"Wewe umeingiaje humo, dada?"

"Mimi?" Sauti yake ilipanda. "Nyumba yangu iko juu. Duka langu liko chini. Mume wangu akichukua vyote, mfereji haujengwi, mashati yanaelea. Wewe kaka ukichukua vyote, nimekusikia mkutanoni ukisema kwa kipaza sauti kwamba pampu ya maji ya mlimani isubiri miaka mitano, watu wa juu nao waonje. Sasa mimi mchana nalowa, jioni nakosa maji ya kuoga. Yeyote akishinda, mimi nimeshindwa!"

Kaka alijikuna kichwa. Baba Pacha aliinamisha macho. Pampu ile ilikuwa mbovu kweli, na yeye ndiye aliyekuwa akiifunga kwa waya.

Mlango uligongwa. Mwanamke mwenye miwani na viatu vya mpira alichungulia. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya uchaguzi. Kazi yake ni kuandikisha wapiga kura na kueleza sheria kwa wananchi. Kwa kuwa hatembei bila daftari kwapani, mji mzima ulimwita Mama Daftari.

"Poleni na maji," alisema. "Jirani, nimekuja kukuona. Na nyinyi wenyeviti, sijapata majibu yenu. Saa saba na nusu hii. Saa tisa nafunga."

"Barua zimeloa, wino umetiririka," alisema Mama Pacha. "Lazima waandike upya. Lakini kabla hawajaandika, naomba uwaeleze huo uwiano. Wameukataa bila kuujua."

"Tunaujua," alisema Baba Pacha.

"Haya, ueleze."

Baba Pacha alifungua kinywa. Akakifunga.

Mama Daftari alitabasamu. "Mimi sitawaambia mchague nini. Hiyo si kazi yangu. Lakini kueleza, nitaeleza. Jirani, una kitu cha kuhesabia?"

Mama Pacha aliteremsha kopo kutoka kwenye rafu ya juu. Hilo halikuloa. Alimwaga vifungo mezani. Vilikuwa vyeupe vya mashati, vya bluu vya sweta, na vichache vyekundu vilivyotoka kwenye koti la zamani.

"Tuseme wapiga kura wote wa mji ni vifungo mia," alisema Mama Daftari. "Uchaguzi uliopita, Taa walipata vifungo hamsini na sita. Hesabu vyeupe, seremala. Ndoo walipata arobaini na kimoja. Mwashi, hesabu vya bluu. Vyama vidogo vilipata vitatu. Hivi vyekundu."

Wakahesabu, vichwa vikikaribiana. Wote walikuwa watu wa mikono, na hesabu ya vitu vya kushika waliipenda.

"Sasa, kwa njia yetu ya zamani, vifungo hivi vilileta viti vingapi?"

"Vyeupe kumi, bluu hakuna," alisema kaka.

"Vifungo arobaini na kimoja vilikwenda wapi?"

"Vilitupwa," alisema Mama Pacha.

"Havikutupwa, vilihesabiwa. Lakini havikuleta kiti hata kimoja. Sasa tazameni njia ya uwiano. Viti ni kumi, vifungo ni mia. Kwa hiyo kila vifungo kumi vinaleta kiti kimoja. Vipangeni mafungu ya kumi kumi."

Baba Pacha alipata mafungu matano ya vyeupe, vikabaki sita. Shemeji yake alipata mafungu manne ya bluu, kikabaki kimoja.

"Viti tisa vimepata wenyewe," alisema Mama Daftari. "Kimebaki kimoja. Tunatazama mabaki. Nani ana mabaki mengi?"

"Mimi, sita," alisema Baba Pacha haraka.

"Basi ni chako. Taa viti sita, Ndoo viti vinne. Vyekundu havijafikia, labda safari nyingine."

Mama Pacha aliyatazama mafungu yale. Aliona kitu alichokijua siku nyingi. Fundi mzuri hakati nguo tu. Anatazama na vipande vinavyobaki, kwa sababu kipande kikubwa bado kinatoa mfuko au kola.

"Unabaki na wengi, Baba Pacha," alisema. "Sita kwa wanne. Unalia nini?"

"Nalia vinne vilivyotoka," alijibu mume wake bila haya. Hata shemeji yake alicheka. "Na nina swali. Leo nikikosa maji namjua diwani wa kumgongea mlango. Huko kwenye uwiano chama kinapeleka orodha ya majina. Nitamgongea nani?"

"Swali zuri," alisema Mama Daftari. "Hiyo ni hasara yake, siifichi. Miji mingine baada ya uchaguzi hugawia kila diwani mitaa yake ya kuhudumia, hata nyinyi mnaweza. Na hasara nyingine ni kwamba chama kimoja kikikosa wingi wa viti, lazima mzungumze na wengine. Maneno yanakuwa mengi."

"Maneno mengi tayari tunayo," alisema Mama Pacha. "Na kuhusu kugonga mlango, diwani wetu nimemgongea mara nne juu ya mfereji. Unajua alinijibu nini? 'Bondeni hawakunichagua.' Mlango nilioujua, na bado nimelowa."

Baba Pacha aliinamia vifungo vyake. Diwani huyo alikuwa rafiki yake.

"Mimi nina msimamo wangu," kaka alidakia. Alikusanya vifungo vya bluu kwa kiganja kama anayekusanya kokoto. "Bondeni nyumba mpya zinaota kila wiki. Najua, nazijenga mimi. Uchaguzi ujao sisi ndio wengi kila kata. Kumi kwa sifuri. Kwa nini nikubali sita kwa nne?"

Mama Daftari alifungua daftari lake. "Idadi hii imebandikwa ukutani kwetu, si siri. Tangu uchaguzi uliopita, bondeni nimeandikisha watu elfu nne wapya. Mlimani mia nne."

Baba Pacha aligeuka rangi. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, miguu majini. Mara ya kwanza katika miaka yote aliona vifungo vyake hamsini na sita vikigeuka kuwa hewa. Arobaini na kitu katika kila kata, na sifuri barazani. Pampu isiyotengenezwa. Watu wa mtaa wake wakimgongea yeye, na yeye hana wa kumgongea.

"Nilikwambia nini, shemeji!" Kaka alikuwa akicheka hadi mabega yanatikisika.

"Sijamaliza," alisema Mama Daftari. "Mabweni ya chuo kule juu yanakamilika kabla ya uchaguzi. Wanafunzi elfu tatu na ushee. Wakijiandikisha hapa, wataandikishwa mlimani."

Kicheko kilikatika kama bomba lililofungwa.

"Watampigia nani?" aliuliza kaka.

"Mimi nijuaje? Kura ni siri. Wanaweza kwenda Taa, wanaweza kuja Ndoo, wanaweza kuanzisha chao. Hakuna mtu chumba hiki anayejua nani atakuwa juu na nani atakuwa chini."

Wanaume wawili walitazamana juu ya vifungo. Mama Pacha alikuwa hajawahi kuwaona wametulia hivyo pamoja.

"Hebu niwaulize kitu kimoja," alisema polepole. "Tuseme mnajua hakika kwamba mtashindwa. Wewe, na wewe. Mngependa njia ipi?"

Baba Pacha alichezea kifungo cheupe. "Ya viti vinne," alisema mwishowe. "Kuliko sifuri, bora vinne."

"Kaka?"

Kaka alivuta pumzi ndefu. "Mimi sifuri naijua, dada. Miaka kumi na tano naila. Sitaki mtu aionje." Akarudisha vifungo vya bluu mezani. "Ile ya pampu nilisema kwa hasira."

"Najua. Lakini ulisema kwa kipaza sauti."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini.

"Kamati yangu itanitafuna," alisema Baba Pacha.

"Si ilikuachia neno la mwisho?"

"Iliniachia ikidhani nitakataa!" Hata hivyo alitoa simu, akampigia katibu wake. Sauti ya katibu ilisikika duka zima: "Kukubali? Mwenyekiti, umelewa?"

"Nimelowa, sijalewa. Sikiliza. Watu elfu nne wameandikishwa bondeni. Umesikia? Elfu nne. Tukibaki na njia ya zamani, mwakani mimi na wewe tunaweza kukaa nje, kumi kwa sifuri."

Katibu alishusha sauti. "Na kwa hiyo njia nyingine?"

"Tukianguka, tunaangukia viti vinne au vitano. Hatuangukii kwenye jiwe."

"Basi tia saini," katibu alisema. "Upesi, kabla hawajabadili nia."

Kaka naye alipiga simu yake, nje, akitembea huku na huko kwenye matope. Walimwona akirusha mkono, akisimama, akitikisa kichwa, akirusha mkono tena. Aliporudi alisema, "Wawili wamekasirika. Watano wameshusha pumzi. Nilidhani watanipigia kelele, kumbe walikuwa wanaogopa mabweni yale siku nyingi."

Mama Daftari alitoa fomu mpya kutoka kwenye daftari. Alikuwa amekuja nayo, katika mfuko wa nailoni, kavu kabisa. Mama Pacha alipangusa kona ya meza kwa kitambaa, akapangusa tena.

"Peni," alisema Baba Pacha.

Mke wake alimpa chaki ya kuchorea vitambaa kwa haraka, akajicheka, akatafuta peni. Baba Pacha aliandika jina lake kwa herufi kubwa za seremala. Shemeji yake akaandika chini yake. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini Baba Pacha alijinyoosha mgongo, na mke wake aliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua boriti aliyobeba bila kujua uzito wake.

"Ajabu," alisema. "Nilidhani nitaumia."

"Bado hujachelewa kuumia," shemeji yake alimjibu. "Ngoja uje unibembeleze nikuungie mkono kwenye bajeti."

"Nikubembeleze wewe?"

"Na mimi nitakubembeleza kuhusu mfereji. Tutabembelezana."

"Mtabembelezana baadaye," alisema Mama Pacha. "Twende."

Hakuitia fomu kwenye droo. Aliishika mkononi, juu, kama anayebeba keki. Alivuka barabara ya matope kwa hatua ishirini, Mama Daftari akitangulia kufungua mlango, wanaume wawili wakimfuata nyuma. Saa nane na dakika arobaini na tano, muhuri uligonga karatasi: puu! Imepokelewa. Mama Daftari aliandika tarehe, akawapa kila chama nakala yake. Mama Pacha alishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu alfajiri.

Walirudi dukani. Maji bado yalikuwepo. Mashati bado yalikuwa mabichi.

"Haya," alisema, akiokota kopo. "Kaka, wewe ni mwashi. Jenga kizuizi cha mawe hapo mlangoni leo, mfereji tutaudai barazani kesho. Baba Pacha, nitolee mbao mbili niinue boksi. Na vifungo vyangu virudi vyote, nina mashati themanini."

Walivirudisha. Alihesabu. Tisini na tisa.

Alimtazama kaka yake. Kaka aliinua mikono mitupu. Alimtazama mume wake. Baba Pacha alitazama dari, kisha akafungua ngumi polepole. Kifungo kimoja cheupe kilikuwa kiganjani.

"Nilitaka ukumbusho," alisema.

"Ukumbusho wako ni ile nakala ya fomu," alisema Mama Pacha, akikipokonya. "Hiki ni cha shati la mtoto wa darasa la tatu."